Yafaa Twende Tena kwa Miguu

(Na mwanafunzi wa zamani)

Maneno mengi yamesemwa juu ya safari ya miguu kutoka Hoima hadi Masindi, waliyokwenda wanafunzi 18 na walimu 2 wa shule yetu katika likizo iliyopita. Wako wanaosema ya kuwa ilikuwa safari njema. Wako pia wanaosema ya kuwa ilikuwa kujichosha bure, kwani mabasi yapo na nauli si kubwa. Wazazi wachache wamemwandikia mkuu wa shule wakiomba jambo hili lisirudiwe tena. Mimi nilifuatana na wanafunzi hao, na maoni yangu ni haya: safari ile isiachwe. Irudiwe kila mwaka, na kila mwanafunzi apate kwenda angalau mara moja kabla hajatoka shuleni. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitajibu hoja za wale wasiokubali, maana baadhi ya hoja zao ni nzito na hazifai kuchekwa.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Kutoka Hoima mpaka Masindi ni mwendo wa kilometa kati ya 50 na 60. Gari hulimaliza jambo hilo kwa muda wa saa moja hivi juu ya lami, na aghalabu abiria husinzia au huinamia simu yake. Sisi tulitumia siku 3. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa wamekwisha pita njia hiyo mara nyingi tangu kidato cha kwanza, wakienda nyumbani na kurudi shuleni, lakini hawakupata kujua wamepita wapi. Mtu aweza kupita mbele ya kaburi la mfalme mara 20, asijue ila ya kuwa pale dereva hupunguza mwendo.

Kaburi lenyewe liko Mparo, kilometa chache tu kutoka mjini Hoima kwa njia ya Masindi. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Omukama Kabalega, na hapo ndipo alipozikwa mwaka 1923, ndani ya nyumba kubwa ya nyasi. Mwanawe Tito Winyi, aliyetawala tangu 1924 mpaka falme zilipoondolewa mwaka 1967, amelala karibu naye. Nje kuna alama ndogo ya kukumbusha ya kuwa mahali hapo, mwaka 1877, Kabalega alimpokea Emin Pasha, ambaye baadaye alikuwa mtawala wa upande wa kusini wa Sudani kwa niaba ya serikali ya Misri. Tulivua viatu, tukaingia kimya, tukatoka kimya. Katika kitabu cha historia Kabalega ni jina moja katika orodha ya wale walioupinga ukoloni. Pale Mparo alikuwa mtu mwenye nyumba, mwenye mwana, na mwenye majirani ambao wajukuu wao bado walima kando ya ua wake.

Karibu na Hoima pia ziko alama za ngome ya Katasiha. Mwishoni mwa mwaka 1893 Kanali Henry Colvile aliongoza jeshi la askari wa Kisudani na maelfu ya Waganda kuingia Bunyoro, na mwaka uliofuata ngome hiyo ikajengwa ili kumbana Kabalega asirudi. Kilichobaki leo ni handaki na pango. Handaki lina majani, na watoto wa jirani hucheza humo. Mwanafunzi mmoja alishuka mpaka chini, akainua mikono yake, akaona ya kuwa ukingo uko juu ya vidole vyake. Hakuhitaji kuelezwa zaidi maana ya ngome.

Kabalega hakukubali. Kwa muda wa miaka 5 alipigana akihama huku na huko pamoja na askari wake walioitwa Abarusura, mpaka akavuka mto Nile na kukaa katika nchi ya Lango. Huko ndiko alikokamatwa tarehe 9 Aprili 1899, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Mkono wake mmoja ulikatwa, naye akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Alikaa huko mpaka mwaka 1923, aliporuhusiwa kurudi. Hakufika kwake. Alifia Jinja tarehe 6 Aprili mwaka huo huo, na maiti yake ndiyo iliyoletwa Mparo.

Kutoka Mparo tuliendelea kuelekea Bulindi na kuvuka vijito vyenye mafunjo, tukipita mashamba ya tumbaku, mahindi na mihogo. Katika vipande vidogo vya msitu vilivyosalia kando ya vijito hivyo wako sokwe, nao hukaa karibu sana na watu, kwa maana msitu wao umekatwa mwingi. Tulisikia kelele zao alfajiri kabla hatujaona hata mmoja. Mkulima mmoja alituambia ya kuwa huwachukia wakila ndizi zake, na huwahurumia akikumbuka jinsi msitu ulivyokuwa katika utoto wake. Kisha, tulipoingia upande wa Masindi, njia ikawa ya miwa ya Kinyara, na malori yaliyopakia hata juu ya kingo zake.

Masindi nayo ina mambo yake. Aprili 1872 alifika hapo Mwingereza Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive wa Misri. Tarehe 14 Mei akatangaza mbele ya watu ya kuwa Bunyoro sasa ni mali ya Misri, akapandisha bendera. Kabalega wakati huo alikuwa kijana wa miaka ipatayo 20, na ufalme wake ulikuwa mchanga. Tarehe 8 Juni vita vikazuka. Baker aliuchoma mji wa Kabalega kwa sababu bunduki zake zilikuwa bora, lakini hakuweza kukaa. Kabla ya juma moja kwisha aliondoka Masindi, akaelekea kaskazini kwenye mto Nile, na katika majani marefu ya njiani mikuki ilirushwa kwa watu wake siku baada ya siku. Baadaye alijiimarisha katika ngome ya Patiko, katika nchi ya Waacholi, ambayo kuta zake zaonekana mpaka leo.

Sasa mtu ataniuliza: Mambo haya yote yako vitabuni. Kwa nini mtu aumize miguu?

Jibu langu la kwanza ni umbali. Kitabu chaweza kusema ya kuwa jeshi lilikwenda kutoka mahali hapa hadi pale, na msomaji akaruka kutoka mstari hadi mstari kama panzi. Wanafunzi wetu walikuwa na afya, viatu, maji safi na vifurushi vidogo, na jioni ya siku ya pili wengine walikuwa wakitazama malengelenge yao kwa huzuni. Hapo ndipo mmoja alipouliza: na wale wapagazi waliobeba mizigo ya watu wakubwa juu ya vichwa vyao, bila viatu, na wengine bila kupenda, walifikaje? Swali hilo halikutoka kwa mwalimu. Lilitoka kisigononi. Vilevile tulipata kuelewa kidogo miaka 5 ya Kabalega ina maana gani, kwa mtu anayehama na wanawake, watoto, wagonjwa na ng'ombe, huku mashamba yakiachwa bila kupaliliwa na njaa ikifuata nyuma.

Jibu la pili ni ushahidi. Habari za mwaka 1872 wengi wetu tumezipata kutoka kitabu cha Baker mwenyewe, alichokitoa mwaka 1874. Yeye aandika ya kuwa alitendewa hila, na ya kuwa askari wake walipewa pombe yenye sumu. Yawezekana aliamini hivyo. Lakini mtu aliyepandisha bendera ya bwana wake katika ua wa mwenye nyumba hawezi kuwa shahidi wa peke yake katika kesi hiyo. Kwa bahati njema Wanyoro hawakunyamaza. John Nyakatura, aliyekuwa chifu, aliwauliza wazee, akakusanya maneno yao, akatoa kitabu cha habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara kwa Kinyoro mwaka 1947. Omukama Tito Winyi naye aliandika habari za wafalme katika jarida la Uganda Journal miaka ya 1930. Hawa hawakungojea mgeni aje kuwaandikia. Walikwenda, wakauliza, wakaandika. Je, sisi tuliosoma kuliko wao tumeuliza nini?

Na kuuliza kwenyewe kwataka miguu. Mzee haitwi kwa kengele ya shule. Aketi kibarazani kwake, na anayepita kwa gari hamwoni. Tulipopita polepole, wazee walituita wenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mihogo alitaka kujua kwanza empaako ya kila mmoja wetu. Wasomaji wa mbali wafahamu ya kuwa empaako ni jina la heshima na mapenzi ambalo Wanyoro na Watoro huitana katika kusalimiana, nayo ni machache yanayojulikana na wote: Akiiki, Amooti, Abwooli, Adyeri, Atwooki na mengineyo. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka desturi hii katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka yasipotee. Katika kundi letu alikuwapo kijana wa West Nile, naye hakuwa na empaako. Bibi yule akamtazama, akamwita Araali, na kutoka hapo mazungumzo yakaendelea kama na mjukuu wake. Alitusimulia jinsi wanawake wa Kibiro, chini ya ukingo wa ziwa, wanavyochemsha chumvi, na jinsi mama yake alivyokuwa akitembea mbali kuifuata. Kazi hiyo ya Kibiro imefanywa kwa karne nyingi. Jina la Araali limebaki shuleni mpaka leo, na sijasikia mtu akimwita kijana yule kwa jina lingine.

Jibu la tatu ndilo kubwa kwangu. Shule yetu ina wanafunzi wa makabila mengi, na historia ya njia ile si tamu kwa kila mtu. Baada ya vita vya Colvile, nchi kubwa ya Bunyoro upande wa kusini ilipewa Buganda, pamoja na mahali penye makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Machifu wa Kiganda wakaletwa kutawala hata katika sehemu iliyobaki, na mwaka 1907 Wanyoro wakakataa katika upinzani unaoitwa Nyangire, yaani "nimekataa". Habari ya wilaya zilizopotea haikupata suluhisho mpaka kura ya tarehe 4 Novemba 1964, ambayo kwayo Buyaga na Bugangaizi zilichagua kurudi Bunyoro. Mzee aliyetusimulia siku ya kwanza hakutafuna maneno. Alisema Waganda, na alisema walichofanya.

Katika kundi letu alikuwapo mwanafunzi wa Kiganda, na tangu mchana ule alinyamaza. Usiku, tulipokuwa tumelala katika darasa la shule moja ya msingi, alisema ya kuwa nyumbani kwao vita hivyo husimuliwa kama ushindi, na hakupata kusikia hata siku moja ya kuwa walioshindwa walikuwa na wajukuu. Hakuna aliyemjibu upesi. Kisha wakazungumza mpaka usiku mwingi, mara kwa hasira, mara kwa kucheka. Mwalimu wa historia akawakumbusha jambo moja ambalo watu hulisahau: siku ile Kabalega alipokamatwa huko Lango, hakukamatwa peke yake. Alikamatwa pamoja na Mwanga, Kabaka wa Buganda, aliyekuwa ameasi na kukimbilia kwake. Wafalme wawili ambao mababu zao walipigana kwa vizazi walisafirishwa pamoja mpaka Shelisheli, na Mwanga akafia huko mwaka 1903. Na waliowapa kimbilio siku zao za mwisho za uhuru walikuwa watu wa Lango.

Mazungumzo kama hayo hayafanyiki darasani, ambapo kila mtu hutazama saa na mwalimu ana sura ya kumaliza. Hufanyika kati ya watu waliochoka pamoja, waliogawana maji, na ambao kesho yake sharti watembee tena pamoja watake wasitake. Asubuhi yake yule wa Kiganda na Mnyoro mmoja walibeba sufuria ya posho kwa zamu. Sidai ya kuwa walimaliza ugomvi wa miaka 100 na zaidi. Nasema tu ya kuwa wameujua, na wameujua wakiwa pamoja, jambo ambalo ni bora kuliko kila mmoja kuujua kwao kwa kunong'onezwa.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga.

Wazazi husema ya kuwa barabara ni ya hatari. Ni kweli, wala sitaki kulipunguza neno hilo. Lami imeongeza mwendo wa magari. Malori ya miwa na magari ya kampuni za mafuta hayana subira. Lakini dawa ya hatari ni utaratibu. Tuliondoka kila siku kabla ya jua kuchomoza vizuri na kupumzika kabla ya adhuhuri. Tulitembea mstari mmoja upande wa kulia tukiyatazama magari yanayokuja, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila palipokuwa na njia ya kijijini tuliifuata hiyo. Mwakani idadi isizidi 20, polisi wapewe habari mapema, na pikipiki moja ifuate na sanduku la dawa.

Wengine husema ya kuwa masomo yatapotea. Siku 3 za likizo hazimwangushi mtu mtihani. Tena mtaala mpya wa vidato vya chini, ulioanza mwaka 2020, wawataka wanafunzi kufanya miradi na kutafuta mambo wenyewe. Ni mradi gani ulio bora kuliko huu? Wa kidato cha nne na cha sita waachwe wasome.

Hoja ya tatu niliisikia kwa mzazi mmoja mkulima, nayo yaniingia moyoni kuliko zote. Alisema ya kuwa mwanawe alitembea kwenda shule ya msingi kila siku kwa miaka 7, kwa sababu hakukuwa na nauli, na sasa shule yamfundisha kutembea kama mchezo wa wenye pesa. Maneno yake yana haki. Twajibu ya kuwa hatusifu ukosefu wa nauli, wala hatumwambii mtu ya kuwa dhiki ni jambo zuri. Mtoto aliyetembea kwa dhiki ajua njia moja, ya kwao hadi darasani, na hakupewa nafasi ya kusimama akauliza. Pia niliona ya kuwa vijana wa namna hiyo ndio waliokuwa walimu wa wenzao wa mjini: jinsi ya kufunga mzigo, jinsi ya kupima mwendo, jinsi ya kumsalimu mtu aliye shambani bila kumkatiza kazi. Kwa mara ya kwanza ujuzi wao ulihesabiwa shuleni kuwa ujuzi.

Wako wanaosema ya kuwa wazee hukosea. Hukosea, ndiyo. Wawili tuliowauliza habari za Katasiha hawakupatana hata kidogo. Lakini vitabu navyo havipatani. Mwanafunzi aliyesikia wazee wawili wakitofautiana, kisha akasoma Baker na Nyakatura, amejifunza kupima maneno, na hiyo ndiyo kazi ya historia.

Na wale wanaoona ya kuwa kutembea mji hata mji ni wazimu wakumbuke Namugongo. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, maelfu ya watu wa kila rika hutembea kutoka pande zote za Uganda, na hata kutoka nchi jirani, kwenda kuwakumbuka mashahidi waliouawa mwaka 1886. Wengine hutoka huku huku Hoima na Masindi, mwendo mrefu mara kadhaa kuliko wetu. Hakuna awaitaye wazimu. Miguu ya kwenda tunayo, tuongeze daftari.

Kwa nini basi nina haraka? Kwa sababu nchi ile yabadilika upesi na watu wake wanaondoka. Mafuta yaligunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na tangu hapo Hoima imekuwa mji wa pilikapilika. Bomba la kilometa 1,443 limepangwa kutoka Hoima hadi Tanga. Sina ugomvi na maendeleo, lakini trekta halijui tofauti kati ya kichuguu na kaburi la mtu. Na mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka wa kura ya 1964, leo amepita miaka 80. Vivyo hivyo wale walioziona meli za Butiaba kabla ziwa halijafurika katika miaka ya 1960 na kuiharibu bandari, siku ambazo Masindi ilikuwa njia panda ya mizigo kati ya Ziwa Albert na mto Nile. Wako wangapi bado? Watakuwa wangapi baada ya miaka 10? Kitabu chaweza kungoja maktabani. Mzee hangoji.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache. Kwanza, kila wanafunzi wawili wawe na daftari moja, mmoja aulize na mmoja aandike, na maneno yaandikwe katika lugha ya msemaji kwanza, ndipo yafasiriwe kwa Kiswahili na Kiingereza. Pili, mtu asipige picha wala asirekodi sauti kabla hajaomba ruhusa, na wenye kutunza Mparo wapewe habari mapema na kuheshimiwa. Tatu, nakala ya kila masimulizi irudishwe kwa mzee aliyeyatoa. Hili ni la lazima. Watu wa nchi hii wamekwisha ulizwa na wageni wengi walioondoka na maneno yao wasirudi tena. Sisi tusiwe wageni wa namna hiyo. Nne, nakala nyingine iwekwe katika maktaba yetu, ili kundi la mwakani lianze pale lilipoishia la mwaka huu. Na tano, safari isifuate njia moja daima. Mwaka mmoja iende Hoima hadi Kibiro kuona chumvi, mwaka mwingine Masindi hadi Butiaba, kupitia Nyabyeya, mahali ambapo wakimbizi wa Kipolandi walikaa wakati wa vita vya pili vya dunia na kujenga kanisa. Na ikiwezekana, siku moja iende kutoka Gulu hadi Patiko, ili tuione habari ya Baker kutoka upande wa Waacholi.

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, neno hili lawahusu ninyi zaidi. Wengi wenu mna nyumba Hoima, Masindi na katikati. Darasa la kulala, debe la maji, gunia la maharagwe, jina la mzee mmoja aliye tayari kuzungumza: hakuna aliyeshindwa na moja katika hayo. Wako kati yenu ambao ni wazee tunaowatafuta, wala hamjijui. Mlioishi katika shule hii wakati ufalme umeondolewa mwaka 1967, mkauona ukirudi mwaka 1993, mna mambo ya kusema, na msingoje kuulizwa.

Nanyi wanafunzi, kabla hamjapiga kelele juu ya malengelenge, waulizeni wale 18. Mimi niliwauliza kama watakubali kwenda tena. Wawili walisema hapana, na sababu zao ni za haki. Mmoja alisema atafikiri. Wengine 15 waliuliza ni lini.

Mkuu wa shule amesema ya kuwa atatoa uamuzi mwanzoni mwa muhula ujao, baada ya kusikia wazazi na walimu. Wenye maoni, ya kukubali au ya kukataa, wamwandikie mapema. Wenye kutaka kwenda wampe mwalimu wa historia majina yao, na waanze sasa kuvizoeza viatu vyao.